Mtoto wa SS: tusimfukuze mama

Tangu turudi huku tunaona jambo lilelile: mtoto anaumwa mifupa, anapungukiwa damu kila mara, basi mama anafukuzwa eti ni mchawi. Hapana! Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S ingine kwa baba. Wazazi wenyewe ni AS, wazima kabisa, hata hawajijui. Na kila mimba ni moja juu ya nne. Kuzaa wazima watatu hakumkingi wa nne. Tunaomba wachumba wapime damu, elektroforezi, mbele ya mahari. Wafadhili wetu, bei ya kipimo ndiyo inatushinda. Na baba uliyemrudisha mke kwao, kamfuate.