Redio Tuliyoijenga kwa Mikono Yetu

(Haya ni maneno yaliyosomwa na darasa la jioni mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu usiku ule.)



Tumeombwa tueleze habari za redio iliyo juu ya meza hii. Wengi wenu mmeiona mkipita dirishani, na mmetuuliza kama inatoa muziki au taarifa ya habari. Haitoi. Redio hii ni ya namna nyingine, kwa kuwa inapokea na pia inatuma. Mtu mwenye leseni anaweza kuzungumza na mtu aliye mbali sana, bila waya kati yao na bila kulipa kampuni yo yote. Watu wafanyao hivyo huitwa watu wa redio ya ridhaa, maana hawafanyi kwa mshahara. Wamo ulimwenguni kote, na hapa Kenya alama za vituo vyao huanza na 5Z4.

Hatukuinunua ikiwa tayari. Ilikuja vipande vipande ndani ya kifurushi, nasi watu sita tukaiunga katika ofisi ya tawi, kila Alhamisi baada ya kazi. Nusu ya fedha ilitoka katika mfuko wa elimu wa tawi, na nusu tulichanga. Kwa hiyo haya tunayosema leo ni hesabu. Fedha zenu zilikwenda wapi, na zilizaa nini?

Mtu atauliza, kwa nini kuhangaika hivi na hali kila mmoja wetu ana simu mfukoni? Swali hili ni la haki. Simu tunaitumia lakini hatujui kilicho ndani yake. Ikiharibika tunampa fundi, na fundi naye mara nyingi hubadilisha bodi nzima. Sisi tulitaka kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi, kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho.

Jambo hili la kuuza redio katika vipande si geni. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Marekani, ilianza mwaka 1947 kuuza vyombo vya umeme ambavyo mnunuzi hujiungia nyumbani. Kitabu chao kilieleza hatua moja moja, na kando ya kila hatua palikuwa na mahali pa kutia alama ukiisha kuifanya. Kazi hiyo waliiacha mwaka 1992, lakini wengine wameiendeleza. Huko Hyderabad, India, Bwana Ashhar Farhan alitengeneza mpango wa redio iitwayo BITX, akakusudia ijengwe kwa vitu vinavyopatikana katika maduka ya kawaida. Hata koili zake zilisokotwa juu ya washa za plastiki za bomba la maji! Hii yetu inaitwa QCX. Ilibuniwa na Bwana Hans Summers kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio iliyofanyika Uingereza mwaka 2017, na ilipotoka iliuzwa dola 49. Haichukui sauti ya mtu. Inatuma alama za Morse, yaani nukta na mistari, kwa nguvu ya wati 3 hadi 5. Taa ndogo ya usiku inaweza kula nguvu hiyo hiyo.

Kabla ya senti moja kutoka, tuliulizana kwanza habari ya leseni. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na pasipo leseni haturuhusiwi kutuma. Mmoja wetu alikuwa nayo, na tulikubaliana kwamba yeye peke yake ndiye atakayeshika kitufe. Ye yote atakayetaka kufuata njia hii, na aanzie hapo.

Sasa tuseme jinsi inavyofanya kazi. Mawimbi ya redio hutikisika mara nyingi mno kwa nukta moja ya saa, na sikio haliwezi kuyasikia. Tuseme mtu wa mbali anatuma mtikisiko wa mara 7,030,000 kwa sekunde. Ndani ya redio yetu kuna kipande kinachotoa mtikisiko wake chenyewe, wa mara 7,029,300. Mitikisiko miwili hii ikichanganywa, hutokea tofauti yake, yaani mara 700 kwa sekunde, na hiyo sikio huisikia vizuri kama mluzi. Wapiga gita mnajua jambo hili. Nyuzi mbili zisipolingana barabara, unasikia mvumo wa tatu unaopanda na kushuka kati yake. Redio hii imejengwa juu ya jambo hilo hilo.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuhesabu. Tulimwaga vipande juu ya kitambaa cheupe, vikiwa zaidi ya mia, tukavipanga katika trei za mayai. Rezista zina mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu. Tulipima kila moja kwa mita kabla ya kuitia mahali pake, kwa sababu chini ya taa ya ofisi nyekundu na rangi ya machungwa hufanana. Kisha tukaanza kulehemu. Chuma kiguse waya na bodi kwa pamoja, lehemu iyeyuke penyewe, kisha chuma kiondoke. Kiungo kizuri hung'aa. Kikiwa na rangi ya majivu na umbo la donge, hicho ni kibovu hata kama kimeshika. Na kwa kuwa sisi ni watu wa chama, tunasema na hili: lehemu nyingi ina risasi ndani yake. Fungueni madirisha, msivute moshi wake, wala mtu asile chapati kabla ya kunawa mikono.

Tulifika mahali pagumu. Katika redio hii kuna pete ndogo ambayo waya mwembamba wa shaba husokotwa juu yake mara nne mbalimbali, msokoto mmoja mrefu na mitatu mifupi, na kila ncha ina tundu lake katika bodi. Ukikosa tundu moja, redio ni kiziwi. Kazi hiyo tulimpa dada yetu wa kiwanda cha nguo, kwa sababu vidole vyake vimezoea uzi. Alisokota vizuri, zamu zikakaa sawasawa. Kisha akauliza swali moja: "Mbona waya huu umepakwa rangi? Haitazuia umeme?" Waliokuwapo wawili katika sisi ni mafundi wa umeme wa miaka mingi. Tulimjibu kwamba rangi hiyo itaungua yenyewe kwa moto wa chuma. Tukalehemu sisi, haraka haraka, maana saa zilikuwa zimekwenda na matatu za mwisho zinaondoka.

Alhamisi iliyofuata tuliunga betri ya pikipiki ya volti 12. Kioo kikawaka, maandishi yakatokea, tukapiga makofi. Lakini hakuna sauti. Tulizungusha kila kitu. Kimya.

Ndugu zetu, hapa hatutaficha. Tulipotazamana, macho yote yalimwendea dada yule. Hakuna aliyesema kwa ukali, lakini tulisema: "Shida lazima ni ile koili." Mmoja akasema afadhali angepewa fundi. Tukumbuke kwamba yeye ni kibarua, mkataba wake wa miezi mitatu mitatu, na sisi wengine tumeajiriwa. Angekuwa mmoja wa wale mafundi wa miaka mingi, tusingesema upesi namna ile. Alivaa koti lake akaenda. Wiki mbili hakuja. Na katika wiki hizo mbili wengine walianza kusema tuirudishe hela iliyobaki katika mfuko wa tawi na darasa lifungwe.

Tulimfuata nyumbani. Hakutulaumu. Alitaka jambo moja tu: "Pimeni. Msiniambie mimi wala msiwaambie wao. Pimeni." Tukarudi ofisini pamoja, tukachukua mita, tukapima kila msokoto kutoka ncha moja hadi nyingine. Mitatu ilipitisha umeme. Wa nne haukupitisha kabisa. Tukatoa lehemu, tukatazama kwa kioo cha kukuzia. Rangi ilikuwa bado imeuvika waya mzima mzima, na lehemu imeuzunguka bila kuushika. Msokoto ulikuwa mzima. Kiungo ndicho kilichokuwa kibovu, na kiungo hicho kilikuwa chetu, mafundi wa miaka mingi. Rangi huungua kweli, lakini yataka moto wa kutosha na subira, na aliye na busara huikwangua kwanza kwa wembe, kisha hupima. Sisi hatukufanya hata moja.

Dada yetu aliikwangua mwenyewe, akalehemu mwenyewe. Tulipounga betri, kwanza ulitoka mvumo kama wa mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua ile, mbali, tukasikia nukta na mistari. Ofisi nzima ikanyamaza. Tukamwomba radhi usiku ule ule, na leo tunamwomba tena mbele yenu, kwa kuwa lawama ilisikika na watu na radhi nayo lazima isikike.

Kusoma alama hizo tulifundishwa na mzee mmoja, baharia wa zamani wa Mombasa, aliyekuwa mpiga redio melini. Morse ilitumika baharini mpaka mfumo mpya wa mitambo na setilaiti ulipochukua mahali pake kabisa tarehe 1 Februari 1999. Mzee hakuturuhusu kuhesabu nukta kwa macho. Alitaka tuzisikie kama ngoma, kila herufi na mdundo wake.

Eriali ni waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, umefungwa kati ya paa la ofisi na mwarobaini. Kwanza tulijaribu kutuma ndani ya rezista ya omu 50, ili mawimbi yasitoke nje kabla hatujawa na hakika. Kisha jioni moja, baada ya jua kutua, mwenye leseni akabonyeza kitufe akaita. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu akajibiwa na mtu wa Afrika ya Kusini. Akatupa alama 559, maana yake anatusoma vema na sauti yetu ni ya kadiri. Tukamtumia jina la mji na hali ya hewa, naye mwishoni akatuma 73, ambayo kwa watu wa redio ni salamu njema. Yote yalichukua dakika sita, kwa nguvu ya wati 4, kutoka katika chumba hiki.

Hesabu yetu basi ni hii. Redio mnayo, ni mali ya tawi. Watu sita sasa wanaweza kusoma mchoro wa saketi, kulehemu na kutumia mita, na wawili kati yao wanatengeneza redio na chaja za majirani. Darasa jipya litaanza mwezi ujao, na mwalimu wa koili na lehemu atakuwa dada yetu huyu. Vibarua wanakaribishwa sawa na walioajiriwa, tena ikiwezekana wakae mbele.

Na jambo la mwisho, ambalo si la redio tu. Mashini ikisimama kiwandani, msimamizi hutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi humpata aliye mnyonge kuliko wote. Hilo tunalipinga kila siku katika mikutano yetu. Lakini sisi wenyewe tulilifanya hapa, juu ya meza ya chama. Kwa hiyo tumeandika neno moja kwa chokaa juu ya mlango wa darasa, na ye yote akiingia atalisoma: PIMA KWANZA.

Umoja ni nguvu.