Zoezi Moja Kila Juma
(Hotuba ya mwalimu wa kujitolea wakati wa kuzindua mazoezi ya programu za kompyuta kwa wanaoanza, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Nianze kwa ukweli ambao si wa kujivunia. Nilisoma programu za kompyuta kwa miezi sita, nikapewa cheti chenye mhuri, nikakitia ndani ya nailoni kisilowe. Siku moja jirani yangu anayeuza unga akaniuliza: "Mwalimu, unaweza kunitengenezea programu ya kujumlisha madeni ya wateja wangu?" Nikaketi mbele ya mashine, nisijue nianzie wapi. Kurasa nyingi nilikuwa nimezisoma, mafundisho mengi nilikuwa nimeyasikiliza, lakini mkono wangu ulikuwa haujazoea kuandika. Nilimwambia jirani kwamba umeme umekatika. Haukuwa umekatika.

Baadaye niligundua kuwa siko peke yangu. Wako vijana humu kambini wenye vyeti viwili au vitatu, nao wamekwama pale pale. Hawakosi akili, wanakosa mazoezi. Fundi cherehani hatoki kwenye daraja la kutazama hadi akate kitambaa, akiharibu, akate tena.

Ndiyo sababu leo sisi watu wachache tunaanzisha mazoezi haya. Hakuna posho, hakuna cheti. Kila Jumatatu tutabandika zoezi moja kwenye ubao wa Kamati, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Jumamosi tutakutana, kila mmoja alete jibu lake, tulisome pamoja na kulisahihisha.

Mtaniuliza: kompyuta ziko wapi? Chache, tena za zamu. Kwa hiyo zoezi litaanzia kwenye daftari. Msione haya kwa jambo hilo. Mwaka 1843 mwanamke Mwingereza, Ada Lovelace, alitangaza maelezo ya hatua kwa hatua ya kukokotoa hesabu ngumu kwa mashine ya Charles Babbage. Mashine yenyewe haikumalizika kujengwa. Hata hivyo kazi ile ya kalamu inahesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa programu za kwanza duniani. Programu ni fikra iliyopangwa kwa utaratibu. Mashine huja nyuma kuitekeleza.

Nitawapa mfano wa zoezi la kwanza ili mama zetu nao wahukumu kama ni jambo la maana. UNHCR huweka kiwango cha lita 20 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Tuseme kila mtu wa nyumba anahitaji bidoni moja ya lita 20, na kijana wa baiskeli anabeba bidoni mbili kwa safari. Nyumba ina watu 7. Aende bombani mara ngapi?

Mwanafunzi anagawa 7 kwa 2. Mashine inamjibu 3.5. Lakini nani amewahi kwenda bombani nusu safari? Mwingine anatumia mgawanyo wa namba nzima, ule unaotupa mabaki, mashine inamjibu 3. Jibu linapendeza macho, kumbe usiku ule mtu mmoja analala bila maji. Jibu la kweli ni 4. Njia mojawapo ni kuongeza 1 kwenye idadi ya watu kabla ya kugawa kwa 2 na kutupa mabaki: 7 na 1 ni 8, nusu yake 4. Tujaribu watu 6: 6 na 1 ni 7, gawa kwa 2, tupa mabaki, tunapata 3. Ni sawa. Mtu mmoja je? Safari 1. Nyumba tupu? Sifuri. Hapo mwanafunzi amejifunza mambo mawili: mashine hufanya ulichoiambia, si ulichokusudia, na jibu halijakamilika mpaka ulijaribu kwa namba nyingine.

Wenye zamu ya kompyuta wataandika jibu lao kwa lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti. Pia hatutabuni kila kitu upya. Katrina Owen alianzisha Exercism mwaka 2013, mahali ambapo wanaoanza hupewa mazoezi na watu wa kujitolea huwasahihisha. Utaratibu huo tumejifunza kwake, tukaupa mifano ya hapa kwetu: bomba, duka, shamba, foleni.

Wazazi wangu, sitawadanganya kwamba mazoezi haya yataleta mishahara. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, ikaweka kando baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kazi za mshahara na vya uhuru wa kukaa popote. Mnajua wenyewe maana yake. Ninachoahidi ni kidogo, lakini kitatimizwa: mtoto atakayefanya mazoezi 40 ataweza kuandika kitu kinachofanya kazi, na hatahitaji kusingizia umeme kama mimi.

Kuna hatari moja nyingine. Tuliwahi kuwa na darasa zuri. Mwalimu akapata safari ya kwenda nchi ya tatu, tukamwombea heri, na darasa likafa juma lile lile kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Safari hii kila kundi litakuwa na wasimamizi wawili, na kila zoezi na majibu yake vitaandikwa katika daftari kubwa litakalokaa ofisini kwa Kamati. Mtu ataondoka, daftari litabaki.

Nina maombi matatu. Kwa Kamati: tupeni chumba Jumamosi saa nane hadi saa kumi mchana, kwa sababu jioni mabinti wako bombani na jikoni, na tukiweka jioni tutafundisha wavulana peke yao. Kwa ndugu wa mashirika: hatuombi kompyuta mpya leo. Tunaomba karatasi, kalamu, na ruhusa ya kutumia mashine zenu zinazolala baada ya saa za kazi. Kwa vijana: leteni jibu hata kama ni baya. Jibu baya lililoandikwa linasahihishika. Lililobaki kichwani halina wa kulisaidia.

Yule jirani yangu wa unga bado anaandika madeni kwenye boksi la sabuni. Programu yake itakuwa zoezi la kumi, na nimemwomba aje siku hiyo kutusahihisha.

Zoezi la kwanza limekwisha bandikwa ubaoni. Tukutane Jumamosi.