Ajali za Motokaa na Haki ya Majeruhi
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Wamagana



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya ajali za motokaa. Nimekubali kwa kuwa nina deni katika jambo hili, na deni lenyewe nitalieleza.

Mmesikia hesabu aliyoisoma Mtunza Hazina. Sehemu kubwa ya fedha tulizotoa kwa wagonjwa ilikwenda kwa watu walioumizwa na magari. Kusaidiana ni vema, ndiyo kazi ya chama hiki. Lakini je, gharama ile ilikuwa yetu? Sheria ya Kenya, tangu miaka ya 1940, humlazimu mwenye motokaa kukata bima kwa ajili ya watu atakaowaumiza au kuwaua njiani. Mwenye matatu huilipia bima hiyo, kisha huirudisha katika nauli tunayotoa kila asubuhi tukienda Nyeri mjini. Basi abiria amekwisha kuilipia fidia yake kabla hajavunjika mguu, nasi twamlipia mara ya pili kutoka sandukuni.

Wazee wanakumbuka jinsi Mzee Jomo Kenyatta alivyoziruhusu matatu, mwaka 1973, zichukue abiria bila leseni ya uchukuzi. Wengi walipata riziki, nasi tukapata usafiri. Mwaka 2004 Waziri John Michuki alizilazimisha kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Tulishangilia, kisha utaratibu ukalegea. Miaka hii ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka.

Sasa nije kwenye deni langu. Miaka michache iliyopita mama mmoja, mke wa mwanachama wetu, aligongwa na matatu akitoka sokoni, akavunjika paja. Juma la pili mwenye gari alikuja nyumbani na wazee watatu, kondoo mmoja, na shilingi 20,000. Aliomba radhi kwa adabu. Karatasi iliandikwa kwamba mambo yamekwisha na hakuna dai lolote tena, yule mama akaweka kidole gumba. Mimi nilitia sahihi kama shahidi. Tulirudi makwetu tukijisifu kwamba tumeleta amani bila ya mahakama.

Mfupa haukuunga. Ilibidi apasuliwe tena, na shamba la chai likakosa mchumaji miezi minane. Wakili alipoisoma karatasi ile alituambia kwamba mwenye gari ataitumia mahakamani kama ngao, na jina langu limo ndani yake.

Wazee, siwakatazi kupokea radhi. Kondoo apokelewe. Lakini asiwepo mtu wa kutia sahihi wala kidole kabla daktari hajamaliza kazi yake na wakili hajaisoma karatasi.

Sheria yenyewe si ngumu kama tunavyodhani. Dereva akizembea katika kazi aliyotumwa, mwenye gari huwajibika pamoja naye, na aliyeandikishwa ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo namba ya gari ndiyo ufunguo: iandikeni siku ile ile, hata kwa mkaa. Ajali iandikwe kituo cha polisi, muombe abstrakti na fomu ya P3, na kila risiti ya hospitali itunzwe. Kesi ya majeraha hufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha. Kampuni ya bima nayo yapaswa kupewa taarifa kabla ya kesi, au katika siku 14 baada ya kufunguliwa. Pasipo taarifa hiyo huweza kukataa kulipa hata kama mmeshinda. Aliyefiwa na mume, mke, mzazi au mtoto anaweza kudai vilevile.

Wengine hunyamaza kwa sababu gari lilikuwa limejaa kupita kiasi. Wanakosea. Kampuni haiwezi kumnyima majeruhi kwa hoja ya wingi wa abiria. Hilo italimaliza na mwenye gari. Kutofunga mkanda, hata hivyo, kwaweza kupunguza fidia.

Jambo moja latuhusu sisi hasa, tunaosindikiza maiti. Twapanda pikapu ya jirani bila nauli, tukiimba. Sheria haikumlazimu jirani huyo kuwakatia bima abiria wa bure. Gari likipinduka, mwaweza kumshtaki yeye mwenyewe, lakini atawalipa nini ila ng'ombe wake? Naomba Halmashauri ikodi gari la abiria lenye bima kwa kila mazishi, ijapokuwa ni ghali.

Sitaki kuwadanganya kwamba fidia ni hakika. Bima hulazimika kufikia shilingi 3,000,000 tu kwa kila mtu, na kampuni zenyewe zimewahi kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011, nao majeruhi wakabaki na hukumu mkononi. Wapo pia vijana wanaozunguka wodini wakitafuta kesi kwa niaba ya mawakili. Sheria haimruhusu wakili kupatana na mgonjwa kwamba atalipwa akishinda tu. Anayekuja kitandani na fomu, mwambieni asubiri mpaka jamaa wafike.

Bwana Mwenyekiti, nimenunua daftari. Ndani nimepiga mistari ya namba ya gari, siku, namba ya kituo cha polisi, jina la kampuni ya bima, na tarehe ambayo miaka 3 itakwisha. Ukurasa wa kwanza nimeuandika habari za yule mama, kwa idhini yake, maana wakili asema bado yafaa kujaribu, na muda wake utakwisha mwezi wa nane. Nitakwenda naye Nyeri Jumatatu. Daftari liko mezani kwa Katibu.