Mpunga huvunjika kabla ya kufika mashineni
(Mazungumzo na wakulima wa mpunga, kwenye uwanja wa mikutano)

Wengi wenu mlilima mpunga bonde la Ruzizi kabla mimi sijazaliwa. Juu ya jembe sina la kuwafundisha. Ninataka tuzungumze juu ya punje yenyewe.

Msimu uliopita malalamiko yalikuwa mengi: mchele umetoka chenga tupu, mwenye mashine ni mwizi. Na chenga hazinunuliwi kwa bei ya mchele mzima. Mashine mbovu zipo, sikatai. Lakini punje nyingi hufika pale zikiwa zimekwisha kupasuka ndani ya ganda, mashine inamalizia tu.

Mpunga ukivunwa huwa na maji kama kilo 20 hadi 25 katika kila kilo 100. Wa kukoboa unatakiwa ubaki na kama 14. Ukiwa mbichi kuliko hapo, punje ni laini, husagika. Ukianikwa kwenye jua kali la saa saba bila kugeuzwa, nje hukauka upesi, ndani bado, punje hupata ufa. Kibaya zaidi ni mpunga mkavu kulala nje ukapata umande: hunywa maji, huvimba, hupasuka. Kuchanganya mkavu na mbichi ndani ya gunia moja huleta shida hiyo hiyo.

Basi tuanike juu ya turubai au mkeka, unene usizidi vidole viwili. Tugeuze kila nusu saa, tufunike jua likizidi, tuanue kabla ya jioni.

Tena tusichanganye mbegu. Mashine ikifungwa kwa punje nene, zile nyembamba hupita na maganda yake. Ikikazwa kwa nyembamba, zile nene huvunjika.

Na hesabu tuijue: katika kilo 100 za mpunga safi, maganda ni kama 20 na pumba kama 10. Aliyerudi na kilo 65 za mchele hakuibiwa.

Kupima ukavu hakuhitaji chombo cha bei. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia kijiko kimoja cha chumvi kavu na mpunga hadi theluthi ya chupa. Tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mpunga bado mbichi. Chupa na chumvi ninavyo hapa. Mama uliyekuja na kikapu, tuanze na wako.