Kwa Nini Kiitikio Tunakiimba Mara 26

 

Tumepewa dakika chache tueleze wimbo mtakaousikia baada ya sadaka, nasi tutasema ukweli: nusura ututenganishe. Ni Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na nusu ya pili ya kila mstari ni ile ile, yenye kusifu fadhili za Mungu zisizo na mwisho. Katikati ya mazoezi baadhi yetu tulitaka kiitikio kipunguzwe, kiimbwe mara 6 tu, maana ibada ina saa zake. Sauti ya nne waliunga mkono upesi. Wao kiitikio chote wamepewa noti mbili.

Ubishi ule ndio uliotufanya tusome.

Mshororo wa shairi letu la Kiswahili una ukwapi na utao. Mizani inahesabiwa, vina vinalingana. Mshororo wa Kiebrania nao kwa kawaida una vipande viwili, mara nyingine vitatu, lakini hautegemei vina. Kinacholinganishwa hasa ni maana. Kipande cha kwanza kinasema jambo, cha pili kinalirudia kwa maneno mengine, au kinaleta kinyume chake, au kinalisukuma mbele kidogo. Mwingereza Robert Lowth, aliyefundisha ushairi Oxford, alieleza mpango huu katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1753. Ndiyo sababu zaburi ikitafsiriwa kwa Kiswahili bado inaimbika: vina vingepotea njiani, ila maana zilizopangwa mbili mbili zinafika.

Si yote yanayofika. Zaburi ya 119 ina mafungu 22, kwa hesabu ya herufi za Kiebrania, na katika kila fungu mistari yote 8 inaanza kwa herufi moja. Jumla 176. Katika Biblia zetu hatuusikii mpangilio huo, tunauona urefu tu na kunung'unika. Maombolezo pia: sura nne za kwanza zinafuata herufi, na ya tatu inarudia kila herufi mara tatu. Sura ya tano ina mistari 22 vilevile, lakini herufi hazifuatani tena. Sisi ambao tumeimba matangani, tukaanza vizuri na kushindwa kumaliza, tuliposoma hapo tulinyamaza.

Lakini turudi kwenye ugomvi wetu. Kilichotuamua ni zaburi ya jirani, ya 135. Nayo inataja Misri, na wafalme Sihoni na Ogu, na nchi waliyopewa Israeli, yote katika mistari mitano, bila kiitikio. Zaburi ya 136 inasimulia safari hiyo kwa mistari 13, na kiitikio kinaingia kila mahali, hata pale sentensi haijaisha. Mfalme anatajwa, kiitikio. Mwingine anatajwa, kiitikio. Tulipokiondoa kwenye mazoezi, tulibaki na orodha ya vita. Mmoja wetu akasema imekuwa kama taarifa ya habari, tukacheka, kisha tukakirudisha chote.

Tena, kwa jinsi ilivyopangwa, zaburi hii inafaa watu wawili: anayeanzisha na wanaoitikia. Asiyejua kusoma aliweza kuiimba yote kwa kushika kipande kimoja. Kwaya ikipunguza kiitikio kwa ajili ya saa, inayempunguza ni huyo mtu.

Kwa hiyo leo ni mara 26, na sauti ya nne wamesamehewa. Mlioketi nyuma, kufikia mstari wa tano mtakuwa mmekishika. Msitusubiri tuwaite, itikieni.