ZAWADI YA DAWA NA WAJIBU WA WENYEJI



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya swali linaloulizwa mara nyingi hapa Jilore: dawa za matende na mabusha zilizogawiwa bure vijijini zilitoka wapi, na mtoaji alitaka nini kwetu? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jawabu la wazi.

Maradhi haya huletwa na minyoo midogo sana, ambayo mbu huichukua katika damu ya mtu mmoja na kuitia katika mwili wa mwingine. Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuyaondosha. Mwaka 1998 kampuni ya SmithKline Beecham, ambayo baadaye iliungana na nyingine ikawa GlaxoSmithKline, iliahidi kutoa albendazoli bila malipo mpaka maradhi yatakapokwisha. Merck ya Marekani, iliyokuwa ikitoa Mectizan tangu 1987 kwa ajili ya usubi unaopofusha macho, iliongeza ahadi yake ihusu matende pia katika nchi zenye maradhi yote mawili. Mwaka 2013 Eisai ya Japani ilianza kutoa vidonge vya DEC. Hapa pwani ya Kenya, albendazoli pamoja na DEC zilianza kugawiwa katika wilaya ya Kilifi mwaka 2002, na Malindi mwaka 2003.

Wapo wasemao kwamba kampuni haitoi kitu pasipo faida. Ni kweli kwamba mtoaji hupata jina jema, na katika nchi kama Marekani sheria humpunguzia kodi. Lakini sisi yatupasa kuipima zawadi yenyewe: je, yafaa, yadumu, na yamfikia mwenye haja?

Kufaa, dawa hizi zafaa. Shida ilikuwa katika kufika. Kutoka bohari mpaka vijiji vilivyo baina ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko, kidonge chahitaji gari, daftari, na mtu wa kukipeleka nyumba kwa nyumba. Gharama hiyo haimo katika zawadi ya kidonge. Ndiyo sababu katika baadhi ya miaka iliyofuata 2002 dawa haikugawiwa Pwani, kwa kuwa fedha za kuigawa zilikosekana.

Tena, dawa huua vijidudu vichanga vilivyo katika damu, lakini minyoo mikubwa yaweza kuishi miaka kadhaa. Kwa hiyo hapana budi dawa imezwe kila mwaka, kwa muda wa miaka mitano au zaidi, na watu wasiopungua 65 katika kila 100. Wajawazito, watoto wasiotimiza miaka miwili na wagonjwa mahututi huachwa. Aonaye homa kidogo au kichwa kumuuma baada ya kumeza asidhani ametiwa sumu. Mara nyingi ni vijidudu vinavyokufa. Wengi wakikataa kwa hofu, mbu hubaki na mahali pa kuchota.

Wala kidonge hakimtoshelezi aliyekwisha kuvimba. Busha lahitaji kupasuliwa hospitalini. Mguu wa matende wahitaji kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, kukaushwa vema baina ya vidole, na kuinuliwa wakati wa kupumzika. Wagonjwa wa namna hii wamo katika jamaa zetu, na wengine hujificha kwa haya. Kipande cha sabuni si kitu cha kungojewa kutoka ng'ambo.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, kila dawa itakapoletwa, Wazee waimeze mbele ya watu, kwani neno la mzee huondoa hofu kuliko tangazo. Nacho chama kitafute vijana wa kuipeleka. Pili, katika mfuko wetu litengwe fungu, hata likiwa dogo, la sabuni kwa wenye matende na la nauli kwa wenye mabusha waendao hospitali.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watoaji wa mbali tumewashukuru, na shukrani hiyo ni haki yao. Lakini wao hawazijui njia za vijiji vyetu, wala hawawajui wagonjwa wetu kwa majina. Sisi twawajua.