Waridi Jekundu la Kunukia: Mti Mmoja Unatosha
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Makanyagio, Mpanda)



Leo tuzungumze juu ya ua. Tunajua wapo watakaocheka. Watasema: "Ua haliliwi. Tuna mahindi ya kupalilia, tuna karanga, tuna watoto wa shule." Maneno hayo ni ya kweli. Mwaka 1975 kampeni ya "Chakula ni Uhai" ilitangazwa kwa redio nchi nzima, na ukweli wake haujachakaa. Shamba la chakula ni la kwanza. Lakini mbele ya nyumba nyingi pana pembe ndogo isiyolimwa kitu. Pembe hiyo inatosha mwaridi mmoja. Tunasema mmoja, na tutaeleza kwa nini.

WARIDI GANI?

Mwaridi ni mti. Waridi ni ua lake. Aina ni nyingi mno. Tunalolisema leo ni lile jekundu, kubwa, linalochanua juu ya kikonyo kirefu, na lenye kunukia. Hilo ni chotara. Watu wa Ulaya walichanganya mawaridi ya kwao na mawaridi yaliyotoka China. Harufu ya yale ya China ilifananishwa na harufu ya majani ya chai. Ndiyo maana jamii hii imeitwa waridi-chai chotara. La kwanza katika jamii hii huhesabiwa kuwa La France, la Ufaransa, mwaka 1867. Baadaye yalitoka mekundu yenye kunukia sana. Crimson Glory lilitoka Ujerumani mwaka 1935. Mister Lincoln lilitoka Marekani mwaka 1964, likapewa jina la Rais Abraham Lincoln.

Watu wa pwani wanaijua thamani ya harufu ya waridi tangu zamani. Kule Oman, katika milima ya Jebel Akhdar, watu huchuma waridi la aina nyingine. Hulichemsha chunguni, na mvuke wake ukipozwa huwa marashi. Marashi ya waridi ndiyo yanayonyunyizwa harusini na kwenye maulidi.

HARUFU HAIPENDI SAFARI

Haya, sasa tuulizane. Mbona mawaridi mengi ya dukani mjini hayanuki?

Arusha kuna mashamba makubwa ya mawaridi. Naivasha, nchini Kenya, yako makubwa zaidi. Maua yake hupanda ndege kwenda Ulaya. Ua la safari lazima liwe gumu. Lisichubuke ndani ya boksi, likae siku nyingi bila kunyauka. Kwa miaka mingi wataalamu wa maua walichagua aina zenye sifa hizo, na harufu ikaachwa nyuma. Tena waridi lenye kunukia sana, kwa kawaida, halidumu siku nyingi likishakatwa.

Basi tusidanganyike. Mtu akija akasema, "Pandeni miti mia, mtauza Ulaya," mwulizeni: maua yatapozwa na nini njiani? Kutoka hapa Mpanda mpaka Kaliua peke yake ni zaidi ya kilomita 200 kwa reli. Ua laini halivumilii safari hiyo kwenye joto.

Lakini waridi la nyumbani halisafiri. Linatoka mtini mpaka mezani kwa hatua kumi. Halihitaji kuwa gumu, linahitaji kunukia tu. Hapo ndipo bustani ndogo inapolishinda shamba kubwa. Tupande kwa ajili ya nyumba zetu, wageni wetu na harusi za mtaani kwetu.

MAJI YATABEBWA NA NANI?

Mvua zetu huanza karibu na Novemba, huisha karibu na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Wakati huo mwaridi mmoja huhitaji maji kama lita 20 kwa wiki. Hilo ni dumu moja. Miti miwili, madumu mawili. Miti kumi, madumu kumi kila wiki!

Sasa tusioneane haya. Madumu hayo yatabebwa juu ya kichwa cha nani? Katika nyumba nyingi jibu ni mama na binti. Basi baba anayetaka waridi na ashike dumu mwenyewe. Ua lisiwe mzigo mpya kwa mtu aliyekwisha kulemewa. Hii ndiyo sababu tunasema mti mmoja.

Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa sana. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, chumvi au mafuta mengi hayafai.

NAMNA YA KUPANDA

1. Nusa kwanza. Ukinunua mche, nunua ukiwa na ua, ulinuse mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa picha.

2. Ukiomba tawi kwa jirani, chagua lililomaliza kutoa ua, lenye unene wa penseli. Kata kipande cha sentimita 15 mpaka 20, chini kidogo ya jicho. Acha majani mawili ya juu. Zika zaidi ya nusu ya kipande katika udongo uliochanganywa na mchanga, mahali penye kivuli. Weka unyevu siku zote. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 mpaka 8. Panda vipande vitano au sita, maana vingine hufa. Usihangaike na mbegu. Mti wa mbegu hautoi ua sawa na la mama yake.

3. Chagua mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe hapafai.

4. Panda mvua zinapoanza. Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini na sentimita 50 upana. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa, karai moja au mawili.

5. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili maji yasikauke upesi. Lakini nyasi zisiguse shina. Mchwa wa kwetu mnawajua! Samadi mbichi na nyasi zilizogusa shina huwakaribisha. Wapo wanaotumia majivu kuwazuia. Tumia kidogo tu, maana waridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu mengi huuondoa uchachu huo.

6. Miche ya kununua mara nyingi imebebeshwa. Yaani, tawi la waridi zuri limeunganishwa kwenye mzizi wa mwaridi mwingine wenye nguvu. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo si ya waridi lako. Yang'oe mapema. Ukiyaacha, mgeni atamfukuza mwenye nyumba.

MAGONJWA NA WADUDU

Wakati wa mvua majani hupata madoa meusi, hugeuka manjano na kuanguka. Okota majani hayo yote uyachome. Mwagilia udongo, usimwagilie majani, tena mwagilia asubuhi. Ukiona vidukari kwenye vikonyo vichanga, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Rudia baada ya siku chache.

KUPOGOA, NA KAZI YA DAFTARI

Mwaridi usiopogolewa huwa kichaka chenye maua madogo. Kila mwaka, mvua zinapokaribia, pogoa. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana. Acha matawi matatu mpaka matano yenye nguvu, yafike kimo cha goti. Kata kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Tumia kisu kikali au mkasi safi.

Baada ya kupogoa, maua hutoka kwa kawaida katika wiki 6 mpaka 8. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Chukua daftari, piga mistari, pata nafasi tatu. Ya kwanza andika tarehe ya kupogoa. Ya pili andika tarehe ya ua la kwanza. Ya tatu andika idadi ya wiki zilizopita. Fanya hivyo kila unapopogoa. Baada ya miaka miwili utaujua mti wako kama unavyomjua mtoto wako.

Tuseme binti wa jirani anaolewa tarehe 20 Desemba. Hesabu kurudi nyuma. Wiki 8 ni tarehe 25 Oktoba. Wiki 6 ni tarehe 8 Novemba. Basi pogoa kati ya tarehe hizo. Kama daftari lako linasema mti wako huchukua wiki 7, pogoa tarehe 1 Novemba. Asiyeandika atabahatisha. Aliyeandika atakata maua alfajiri ya harusi, machipukizi yakiwa yameanza kufunguka, na kuyatia majini mara moja.

Ndugu zetu, mti mmoja hautatutajirisha. Lakini dumu moja kwa wiki, karai la samadi na ukurasa mmoja wa daftari vitatupa kitu ambacho mengi ya maua ya ndege hayana.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mawaridi mengi ya dukani hayanuki?

2. Nyumbani kwenu nani hubeba maji ya kiangazi? Mwaridi ukipandwa, nani atabeba dumu lake?

3. Harusi iko tarehe 15 Januari, na mwaridi wako huchukua wiki 7. Utapogoa tarehe gani?